Stara ya Shiro, Tambi za Kenji

Wifi yangu alipokuja kunitembelea Leicester majira ya baridi yaliyopita, alikuta juu ya meza ya jikoni juzuu ya kwanza ya manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, niliyoiazima maktaba ya mtaa, akaifungua kwa nyuma kama wafanyavyo karibu wote wasiozoea vitabu vya Kijapani. Kosa hilo sikumsamehe upesi, kwa kuwa mimi na yeye tulisoma chuo kimoja Tanga na msahafu tulifundishwa kuufungua kutoka kulia. Picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mwanamume aliyevaa aproni, uso umekazana, anakata mboga. Akaniuliza kama kile ni kitabu cha mapishi. Nikamjibu kuwa ni nusu. Akaendelea kusoma huku chai yake inapoa, na baada ya muda akaniuliza tena, bila kuinua macho, kama wale wanaume wawili ni ndugu. Nikamwambia si ndugu, ni wapenzi, wanaishi pamoja. Alinyamaza, akafunua ukurasa mwingine, kisha akasema jambo ambalo limenifanya niandike haya yote: "Basi huyu mmoja mchoyo."

Kitabu chenyewe ni Kinō Nani Tabeta?, jina ambalo kwa Kiswahili ni "Jana ulikula nini?", kazi ya Yoshinaga Fumi, mchoraji wa kike aliyezaliwa Tokyo mwaka 1971. Hadithi ilianza kutoka mwaka 2007 katika Morning, jarida la kila wiki la kampuni ya Kodansha linalowalenga wanaume watu wazima, wala si katika majarida yaliyokusudiwa hasa kwa hadithi za mapenzi ya wanaume, ambayo wasomaji wake wengi ni wanawake. Kakei Shiro ni wakili, ana umri wa miaka 43 hadithi inapoanza, na Yabuki Kenji ni mtengeneza nywele, ana miaka 41. Mwaka ukipita kwetu wasomaji, kwao pia unapita, kwa hiyo wote wawili wameshavuka hamsini, nywele na magoti yao yakienda sambamba na yetu. Shiro hutoka ofisini kwa wakati, hupita supamaketi akilinganisha bei ya tofu na bei ya kabichi, na hujiwekea sharti kwamba chakula cha watu wawili kisizidi yen 25,000 kwa mwezi. Kisha hupika, na Yoshinaga hutuonyesha hatua zote: wali ukiwa motoni mboga inachemshwa, mboga ikitiwa sosi ya soya samaki anageuzwa, na mambo yote yanakamilika kwa pamoja Kenji anapofungua mlango na kusema amerudi. Wanakula. Kenji anasifu kila sahani kwa jina lake. Sura imekwisha.

Uchoyo aliouona wifi yangu upo kweli. Shiro ni mtu wa kuhesabu senti, na furaha yake kubwa kabisa ni kupata kitu kizuri kwa bei ya chini. Urafiki wake na mama mmoja wa mtaani, Kayoko, ulianzia kwenye tikiti maji ambalo lilikuwa rahisi lakini kubwa kupita haja ya nyumba moja, wakaligawana nusu kwa nusu. Hata hivyo wifi yangu, ambaye kwa miaka mingi amelisha nyumba ya watu tisa, alianza kumheshimu taratibu, kwanza kama mpishi na baadaye kama mtu. Alipendezwa kuona kwamba jani la figili halitupwi. Alikasirika kuona sosi ya chupa iliyokwisha kuungwa, ambayo Shiro huitumia mara kwa mara bila aibu, akasema ni sawa na mke anayepika pilau kwa viungo vya paketi. Alipofika penye jamu ya stroberi, inayopikwa stroberi zikishashuka bei, alikwenda dukani siku hiyo hiyo. Jamu ilitoka nyepesi mno, tukaila hivyo hivyo kwa kijiko.

Baadaye niligundua kwamba hilo si jambo la wifi yangu peke yake. Wasomaji wa Japani nao waliingia jikoni, na tamthilia ya televisheni iliyotokana na manga hii ilipoonyeshwa na TV Tokyo kuanzia Aprili hadi Juni 2019, katika vipindi 12 vya usiku wa manane, Kodansha walitoa kitabu cha mapishi ya Shiro, kwa sababu watu walikuwa wanayataka. Ni hadithi chache za mapenzi ambazo msomaji anaweza kuziamini kwa ulimi wake. Ukisoma kwamba fulani alimkumbatia fulani, huna la kufanya ila kukubali au kukataa, lakini ukiambiwa kwamba Shiro alipika wali uliochanganywa na samoni, uyoga na mizizi ya gobo, unaweza kuupika, ukauonja, ukajua mwenyewe kama huyo mtu alikuwa anampenda mwenzake au alikuwa anamaliza tu mabaki ya friji. Mara nyingi ni yote mawili, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Binamu yangu, ambaye nilimpa juzuu tatu kwa pamoja, alirudisha akisema hakuna kinachotokea. Alitarajia wagombane na dunia, wafukuzwe, mmoja afe. Lalamiko hilo lina historia ndefu kuliko anavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa Japani waliochapisha wenyewe vijitabu vya hadithi za wanaume wanaopendana walizipa hadithi hizo jina la mzaha, yaoi, lililoundwa kwa mianzo ya maneno yenye maana kwamba hazina kilele, hazina tamati, hazina maana. Walikuwa wanajicheka wenyewe. Kabla yao, Hagio Moto mwaka 1974 na Takemiya Keiko mwaka 1976 walikuwa wameanza kuchapisha hadithi ndefu za wavulana katika shule za bweni za Ulaya, wazuri kama malaika na wenye mikosi isiyo na mfano, na kifo kilikuwa mgeni asiyekosa katika hadithi hizo. Yoshinaga anaijua mila hiyo kwa sababu ametoka humo humo, na ameitania kwa namna inayonichekesha kila ninapoikumbuka. Rafiki mmoja wa Shiro na Kenji, Kohinata, humsifia mpenzi wake Wataru kwa kumfananisha na Gilbert, yule mvulana mzuri wa Takemiya. Shiro anakwenda kukutana naye akiwa amejiandaa kumwona malaika. Anayemkuta ni mtu mwenye ndevu za siku kadhaa, mkaidi na mlalamishi. Kohinata bado anamwona Gilbert. Binamu yangu hakucheka, kwa kuwa hakuwa amemsoma Gilbert, na nadhani nusu ya "hakuna kinachotokea" yake inatokana na hilo: hakujua ni vifo vingapi vilivyotangulia hadi wapenzi wawili wa kitabuni waruhusiwe kuzeeka wakibishana juu ya bei ya siagi.

Kuna wasomaji wengine ambao malalamiko yao yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1992, katika Choisir, jarida dogo la wanawake wapigania haki, mwanamume mmoja aliyependa wanaume, Satō Masaki, aliandika kwa hasira juu ya waandishi na wasomaji wa yaoi. Kwa kifupi, aliwashutumu kwamba wanawachezea watu kama yeye, wanawapenda wakiwa wazuri na wa kuchorwa, na wale walio hai, wenye vitambi na kodi ya nyumba, hawawataki kuwaona. Majibizano yalidumu miaka kadhaa. Wapo wanawake waliomjibu kwamba hadithi zile hazikuwahi kumhusu yeye, kwamba zilikuwa mahali pao pa kufikiri juu ya mapenzi bila kulazimika kujiona wenyewe wakiwa chini ya mwanamume, na wapo waliokubali kwamba amewagusa penye kidonda. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli, jambo ambalo kwa kawaida ndilo huurefusha ugomvi. Sina ushahidi kwamba Yoshinaga alikuwa anamjibu Satō alipoanza kumchora Shiro miaka kumi na mitano baadaye, lakini nikisoma juu ya mwanamume wa makamo anayejipima uzito kwa wasiwasi na kuweka akiba ya uzeeni kwa kuwa hatakuwa na mtoto wa kumtunza, nauona kwa urahisi kama jibu.

(Nimekwepa hadi hapa neno ambalo wengi wangelitumia. Kwetu Pwani "shoga" ni mwanamke kumwita mwanamke mwenzake wanayeshibana, na marehemu bibi yangu alikuwa na mashoga sita, wote wacheza lelemama. Neno hilo limebebeshwa mzigo mwingine siku hizi na sipendi kulitumia kwa kumtusi mtu yeyote, awe wa upande ule au huu.)

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinigawanya mimi mwenyewe vipande viwili. Shiro anaficha. Ofisini kwake hawajui anaishi na nani, hataki kuonekana na Kenji mahali ambapo mtu angeweza kuwaunganisha, na kila aonapo macho ya wapita njia hujitenga naye nusu hatua. Katika kikundi cha wasomaji cha maktaba yetu, ambapo niliipeleka manga hii kwa ukaidi wakati wenzangu walitaka riwaya ya upelelezi, karibu wote walimwita Shiro mwoga. Bibi mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, alisema angempiga kofi. Nilimtetea. Niliwaambia kwamba sisi tuliolelewa Pwani tuna neno stara, na kwamba Kiingereza chao hakina neno la kukaa mahali pake. Kusitiri ni kuuvika mwili nguo, ni kumlipia jirani deni bila mtaa kujua, ni kulinyamazia jambo ambalo kulisema hakumfaidii mtu. Dua tunayowaombea watoto ni Mungu awasitiri. Mtu anayejisitiri hajikani. Anajiwekea mlango, na mlango una haki ya kufungwa. Niliona nimesema vizuri. Yule bibi alinywa chai yake akaniuliza, kwa upole wa walimu, kama Kenji naye anapenda mlango huo.

Nilirudi nyumbani nikasoma upya sura za mwanzo. Kenji, saluni, amemwambia mteja kwamba anaishi na mwanamume, tena wakili. Shiro anapogundua, anafoka. Kenji analia, na malalamiko yake, nikiyasimulia kwa maneno yangu, ni haya: kila mtu pale kazini anazungumza juu ya mkewe na watoto wake mchana kutwa, je, kwa nini yeye peke yake asiweze kumtaja mtu anayeishi naye? Mara ya kwanza nilipousoma ukurasa huo nilimwona Kenji kama mropokaji. Ninayependa stara sikuwa nimeona kwamba stara ya Shiro imeshonwa kwa ulimi wa Kenji, kwamba ili mmoja afunikwe vizuri mwingine lazima ameze kila siku maneno madogo ambayo wenzake huyatema bila kufikiri: tulikula nini jana, tulikwenda wapi, nani alikoroma. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na wahenga wetu walijua kwa nini. Wawili wakijifunika kipande kimoja, anayevuta ndiye anayelala vizuri.

Tena Yoshinaga hamfanyi mtu yeyote kuwa shetani, na hili ndilo linalowachanganya wasomaji wanaotaka kujua wamchukie nani. Chukua mama yake Shiro. Alipojua mwanawe ni wa namna gani aliyumba hadi akaingia katika kikundi cha dini kilichomla fedha, na aliporudi alikuwa na ari ya mtu aliyesoma vitabu vyote. Kwenye simu anamhimiza mwanawe ajitangaze kazini, asione haya, kwa kuwa wazazi wake wako tayari kumpokea hata kama ni mhalifu au ni mtu anayependa wanaume. Anayaweka mawili hayo kwenye pumzi moja, na haoni kwamba ameyaweka pamoja. Wifi yangu aliposoma hapo aliweka kitabu mapajani. Ana mtoto wa kiume wa miaka ishirini. Hakuniambia kitu na mimi sikumwuliza, lakini baada ya muda alisema yule mama anampenda mwanawe, ila hajui kupika, anatia chumvi na sukari chungu kimoja.

Kuna sura ambayo kwa wasomaji wengi niliozungumza nao hupita bila kelele, na kwangu ni miongoni mwa zilizo nzito kuliko zote. Wapenzi wawili wanakuja kula chakula kwa Shiro na Kenji, na mmoja wao, Tetsu, mwenye mali, ana swali kwa Shiro kama wakili. Anataka akifa mali yake yote iende kwa mwenzake, na wazazi wake mwenyewe wasipate hata yen moja. Japani haina ndoa ya watu wa jinsia moja. Mitaa ya Shibuya na Setagaya, jijini Tokyo, ilianza mwaka 2015 kuwapa watu kama hao karatasi ya kuwatambua, na Machi 2021 mahakama ya wilaya ya Sapporo ilisema kwamba kuwanyima ndoa kunapingana na katiba, lakini karatasi ya mtaa hairithishi nyumba na hukumu ile haikubadilisha sheria. Kilichopo, na kilichotumika tangu zamani, ni kuasili mtu mzima: mkubwa anamchukua mdogo kuwa mwanawe mbele ya sheria, na mwana hurithi. Shiro anaeleza hayo kwa sauti ya kazini, sahani zikiwa bado mezani. Waliopendana maisha yao yote watakufa wakiwa baba na mwana katika daftari la serikali. Mtu asiyejali atasema ni ujanja mzuri wa kisheria. Mimi nilimkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani ambaye alilea mtoto wa mkewe kwa miaka thelathini, na siku ya mirathi yule kijana akaambiwa hana fungu, akakaa nje barazani akiwahesabia wenzake viatu. Sheria zilikuwa nyingine na kisa kilikuwa kingine, lakini uso ule niliuona tena kwa Tetsu.

Kuhusu tamthilia na filamu sitasema mengi, kwa sababu nampenda zaidi Kenji wa karatasi, ingawa Uchino Seiyō alimcheza vizuri kiasi kwamba sasa nikisoma nasikia sauti yake, na Nishijima Hidetoshi, aliyemcheza Shiro, anajua kukata vitunguu kwa kisirani kinachohitajika. Filamu, iliyotoka Novemba 2021, inaanza kwa safari ya Kyoto. Shiro anampeleka Kenji kwa siku yake ya kuzaliwa, anamlipia kila kitu, ni mpole kupita kawaida yake, na Kenji, badala ya kufurahi, anaingiwa na hofu kwamba mwenzake ni mgonjwa na anakaribia kufa, kwa maana Shiro wa kawaida hangetumia fedha hivyo. Ukweli ni mdogo kuliko kifo na unauma zaidi. Wazazi wa Shiro, ambao walikuwa wamempokea Kenji nyumbani kwao kwa mwaka mpya, wakamkaribisha na kumlisha, wamemwomba mwanao asimlete tena. Walijitahidi, wakashindwa. Kyoto ilikuwa fidia. Na Shiro, yule mwoga wa kikundi chetu cha maktaba, safari hii hakwenda nusu hatua pembeni: aliamua kwamba mwaka mpya atakaa na Kenji. Nilimwandikia yule mwalimu mstaafu kumweleza. Alijibu kwamba ameahirisha kofi.

Bado nina msomaji mmoja, na yeye ndiye aliyenifanya niyasome yote upya kwa mara ya tatu. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, aliyekulia Nairobi na sasa yuko mji mwingine wa huku Ulaya, ana mwenzake, na mwenzake ana wazazi, na kila Krismasi mwenzake hupanda ndege peke yake. Nilimtumia juzuu bila maelezo. Nilidhani ataniandikia juu ya jamu, au juu ya sheria, kwa kuwa ni mtu wa kusoma magazeti. Aliniandikia juu ya tambi.

Ni sura ya mwisho wa mwaka, kabla ya hayo yote ya Kyoto. Shiro amekwenda kwa wazazi wake, Kenji amebaki peke yake nyumbani. Hapiki kwa utaratibu wa Shiro. Anachukua pakiti ya tambi za miso za dukani, zile za kuchemsha kwa dakika chache, anazijaza mboga, anavunja yai, anakaa chini, anakula kwa furaha kabisa. Wasomaji wengi huicheka sura hiyo kwa mapenzi, na tambi zile zimekuwa miongoni mwa mapishi yanayokumbukwa sana ya kitabu kizima, pengine kwa sababu kila mtu anaziweza. Mimi nilicheka pia. Nilimwona Kenji kama mtoto aliyeachiwa nyumba. Rafiki yangu aliandika kwamba alisoma ukurasa huo amesimama jikoni kwake, akatazama kabati ambamo huweka pakiti zake mwenyewe za siku kama hiyo, akaona kwamba Kenji ana ufundi. Mtu hapati ustadi wa namna ile wa kujipikia tambi, mboga zikiwa zimepangwa na yai likiwa limeiva nusu kama inavyotakiwa, kwa kuachwa mara moja. Ni miaka ya mazoezi. "Anafurahi kweli," aliandika, "usidhani anajifanya. Ndiyo sababu sikuweza kuendelea kusoma."

Niliusoma ujumbe huo kwa sauti kwenye simu kwa wifi yangu, ambaye ameshaondoka kwangu lakini ameondoka na juzuu mbili za maktaba zilizonigharimu faini. Nilitaka kumweleza kwamba sasa naielewa stara kwa namna nyingine, kwamba nilimtetea Shiro kwa nusu ya hoja, na mengine mengi niliyokuwa nimeyapanga. Hakunipa nafasi. Kwanza alinikumbusha kwamba kwenye tamthilia ya mwaka 2023, msimu wa pili, Shiro ameongeza posho ya chakula hadi yen 30,000 kwa sababu vitu vimepanda, na kwamba yeye anaona hilo ni tendo la mapenzi kuliko Kyoto nzima. Kisha akauliza kuhusu rafiki yangu, ambaye hajapata kumwona na ambaye jina lake sijamtajia.

"Krismasi iliyopita," alisema, "alikula nini?"

Sikuwa najua. Nilikuwa sijamwuliza kamwe. Akaniambia nikate simu, nimpigie.